Jinsi ya kuanzisha dawati la kujitolea chuoni: mwongozo kwa vyuo vya Mtwara na Lindi

Kila mwaka wa masomo ukianza maswali ni yale yale. Kiongozi mpya wa serikali ya wanafunzi anauliza: tunataka kusaidia jamii, tuanzie wapi? Mama anayeendesha asasi ndogo kule Mikindani anauliza: wanafunzi walikuja mara moja, wakapiga picha, mbona hawajarudi tena? Mlezi wa klabu anataka kujua barua aandike nani na nauli atoe nani. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yenu nyote watatu, ila nitakuwa nazungumza zaidi na wewe uliyeko chuoni, kwa sababu wewe ndiye unayeweza kuanza kesho asubuhi.

Niseme jambo moja mapema, maana hatua zote zinalitegemea. Wanafunzi wa huku hawakosi moyo wa kusaidia. Wanachokosa ni kazi iliyoelezwa ikaeleweka, muda usiogongana na vipindi, na nauli. Ukiviondoa vikwazo hivyo vitatu watakuja wenyewe. Hotuba za uzalendo haziondoi hata kimoja.

Ninaposema dawati simaanishi ofisi yenye kiyoyozi. Namaanisha meza moja, daftari moja na watu watatu wanaoaminika, wanaosimama katikati ya chuo na asasi. Uwe Stella Maris, TIA, chuo cha ualimu, VETA au chuo cha afya, utaratibu ni huu huu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mlezi mmoja, mwalimu au mfanyakazi wa chuo, mwenye uwezo wa kusaini au kumfikia mshauri wa wanafunzi bila kuzungushwa. Bila mtu huyu utakwama kwenye barua.
- Wanafunzi watatu wa kuendesha dawati. Angalau mmoja awe mwaka wa kwanza, ili wakubwa wakihitimu kazi isife.
- Kauntabuku moja kubwa. Simu zinaibwa na zinaharibika, daftari linabaki.
- Kalenda ya chuo ya mwaka mzima na ratiba ya vipindi ya kila kozi.
- Orodha ya nauli za kweli, ulizokwenda kituoni kuziuliza: bajaji, bodaboda, Hiace, na kivuko pale kinapohusika.
- Fedha kidogo ya nauli kwa wiki nne za mwanzo. Hata kama ni ya watu watano tu, iwepo mkononi kabla hujabandika tangazo.

Kama hiyo fedha haipo, usitangaze bado. Ukitangaza ukakwama, mwaka unaofuata hakuna atakayekusikiliza.

Hatua ya 1: Chagua asasi mbili tu

Najua orodha unayoitamani ni ya kumi. Anza na mbili. Asasi mbili unaweza kuzitembelea, ukajua choo kiko wapi na nani ana ufunguo wa stoo.

Pa kuzipata ni ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri yako. Afisa pale anazijua zilizo hai na zilizobaki mabango. Kwa Lindi kuna pia LANGO, mtandao wa mashirika yasiyo ya kiserikali ya mkoa. Msalaba Mwekundu ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu umezoea kazi ya kujitolea. Chama hicho kipo kwa sheria tangu 1962, na mafunzo yake ya huduma ya kwanza humfaa mwanafunzi maisha yake yote. Usisahau vikundi vidogo: vya watu wenye ulemavu, vya akina mama wanaowahudumia wagonjwa nyumbani, vya vijana wanaosafisha ufukwe. Mara nyingi hivyo ndivyo vyenye shida kubwa ya mikono.

Omba kuona cheti cha usajili. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002, kikundi cha kijamii husajiliwa halmashauri, na taasisi za dini zina njia yao. Karatasi zinatofautiana, lakini karatasi iwepo. Kisha uliza maswali matatu: nani atawapokea wanafunzi, watafanya nini hasa, na nani atawajibika mmoja wao akiumia. Asasi isiyoweza kujibu swali la kwanza haijawa tayari. Iage kwa heshima, mwambie mwenyewe utarudi muhula ujao.

Hatua ya 2: Kaeni na asasi mkate kazi vipande

Hapa ndipo dawati linaposimama au kuanguka, kwa hiyo tenga nusu siku nzima. Usiifanye kwa simu.

Ukimuuliza kiongozi wa asasi anahitaji nini, atakujibu "tunahitaji vijana wa kutusaidia". Ni jibu la kweli, lakini mwanafunzi hawezi kulifanyia kazi. Mwombe akusimulie wiki yake iliyopita, siku baada ya siku. Nawe sikiliza mahali anaposema "hilo bado sijalifanya" au "hilo nalifanya usiku". Kila mahali aliposema hivyo pana kazi ya mwanafunzi.

Nitoe mfano wa kikundi cha watu wenye ulemavu wa viungo, wa aina utakayoikuta katika karibu kila halmashauri ya kusini. Mwenyekiti anataka "wanachuo waje". Mkikaa naye, inaonekana kikundi kina daftari la wanachama lenye majina yaliyofutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imetoboka, kina mihtasari ya vikao iliyoandikwa nyuma ya kalenda, na kimekosa kuomba mkopo wa halmashauri kwa sababu hakuna aliyeweza kupanga nyaraka. Sheria imetenga asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ndani ya ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na wao. Sasa hapo unaona kazi tatu safi: mwanafunzi wa uhasibu apange kitabu cha fedha, wa kompyuta aingize orodha ya wanachama, na wa sheria au utawala akae na katibu kupanga nyaraka za maombi. Hakuna hata mmoja anayehitaji kuja kila siku, na kila mmoja anafanya kitu anachokisomea.

Kila kazi iandikie karatasi yake. Iwe fupi, mfano huu:

*Kazi:* kusoma hadithi na watoto wa darasa la pili na la tatu, watoto wanne kwa kila mwanafunzi.
*Mahali:* shule ya msingi, Mikindani.
*Siku na saa:* kila Jumatano, saa 9:00 hadi 10:30 alasiri.
*Muda wote:* wiki sita.
*Idadi:* watu sita.
*Atakayekupokea:* mwalimu wa taaluma, na namba yake.
*Unachotakiwa kujua:* kusoma kwa sauti na kuwa na subira. Mafunzo ya saa moja yatatolewa.
*Usichotakiwa kufanya:* kutoa adhabu, kutoa zawadi, kupiga picha.
*Nauli:* inalipwa na dawati, siku hiyo hiyo, kwa saini.

Kosa linaloua madawati mengi ni kukubali kazi isiyo na mwisho. Mwambie mwanafunzi "wiki sita" atakubali. Mwambie "uwe unakuja kuja" atatoweka kabla ya wiki ya pili. Ikiisha sita anayetaka kuendelea ataendelea, na wengi huendelea.

Onyo jingine: asasi ikikuletea kazi ambayo ni ya mwajiriwa, mathalani kukaa mapokezi kuanzia asubuhi mpaka jioni siku tano za wiki, ikatae. Vijana wengi waliohitimu tayari wanafanya kazi bila mshahara wakisubiri ajira, na hilo ni tatizo kubwa la peke yake. Dawati lako lisiwe mlango mwingine wa kupitishia kazi za bure.

Hatua ya 3: Weka kalenda tatu mezani

Kalenda ya kwanza ni ya chuo: majaribio, mitihani ya mwisho wa muhula, likizo, na mafunzo kwa vitendo. Wiki mbili kabla ya mitihani usipange kitu chochote. Mwanafunzi akifeli kwa sababu yako, mlezi wako ataitwa, na dawati litafungwa kwa haki kabisa.

Ya pili ni ya asasi au shule. Shule za msingi hufunga Juni na Desemba, na huku kwetu likizo hizo ndizo za jando na unyago katika vijiji vingi. Ukipanga kazi na wasichana wa kijijini mwezi huo utakuta uwanja mtupu, na si kosa la mtu yeyote.

Kalenda ya tatu ni ya kusini yenyewe, na ndiyo watu wanayoisahau. Minada ya korosho huanza Oktoba. Kuanzia hapo wazazi wako mashambani au kwenye chama cha msingi cha ushirika, na kikao cha jamii ulichopanga asubuhi kitapata watu wanne. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, zikaendelea mpaka Aprili. Barabara ya vumbi uliyopita kwa bodaboda mwezi wa tisa inaweza isipitike mwezi wa pili. Aprili na mwanzoni mwa Mei sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kumtuma mtu pwani: kimbunga Kenneth kilipita karibu yetu Aprili 2019 na watu wa Mtwara wakaambiwa wahame kutoka maeneo hatarishi, na Hidaya kilikuja Mei 2024. Mwezi wa Ramadhani panga kazi za asubuhi, zimalizike mapema, na usipange chakula cha mchana mbele ya waliofunga. Ijumaa kuanzia saa sita mchana achana nayo.

Ukishaziweka zote tatu pamoja, utabaki na vipindi viwili au vitatu vya wiki sita kwa mwaka. Vinatosha.

Hatua ya 4: Maliza suala la nauli kabla halijaulizwa

Tufanye hesabu. Kama kwenda ni 1,000 na kurudi 1,000, anayekwenda mara moja kwa wiki kwa wiki sita anatumia 12,000. Kwako pengine ni kidogo. Kwa mwanafunzi ambaye bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, halijatoka, hicho ni chakula cha siku kadhaa. Ataanza kutoa udhuru: leo anaumwa, kesho ana kikundi cha kujisomea. Hatakuambia kwamba hana nauli, kwa sababu anaona aibu. Usimngoje aseme.

Fedha inaweza kutoka sehemu tatu. Serikali ya wanafunzi ina bajeti. Omba kifungu kidogo mwanzoni mwa mwaka, kabla ya fedha yote kwenda kwenye mahafali na michezo. Asasi yenye mfadhili iombe iweke mstari wa nauli za wanaojitolea kwenye andiko lake lijalo. Na wafanyabiashara wa mjini wapo wanaoweza kuchangia mafuta ya gari moja kwa siku moja, mradi uwaombe kitu kinachohesabika.

Lipa siku hiyo hiyo, mkononi au kwa simu, na kila aliyepokea asaini kwenye kauntabuku. Posho usilipe. Ukianza posho, wiki ya tatu utaulizwa kwa nini imepungua, na kazi itakuwa imegeuka kibarua. Nauli, maji, na chakula pale ambapo kazi inavuka saa saba mchana: hapo ndipo mpaka.

Hatua ya 5: Barua na vibali

Chuo kinatoa barua moja ya utambulisho yenye majina ya wanafunzi wote, namba zao za usajili, kazi, mahali na tarehe. Mlezi aombe isainiwe na mshauri wa wanafunzi. Kisha inategemea unakwenda wapi:

- Shule ya msingi au sekondari: barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kupitia Afisa Elimu anayehusika. Mwalimu mkuu peke yake hawezi kukuruhusu, hata akikukaribisha kwa mikono miwili.
- Hospitali, kama Ligula au Sokoine: kwa Mganga Mfawidhi. Usitegemee kupewa kazi ya kugusa wagonjwa kama husomei afya.
- Makao ya watoto: kupitia Afisa Ustawi wa Jamii. Hili usilipindishe hata kidogo.
- Mtaani au kijijini: mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji. Nenda mwenyewe, uketi, usalimie. Barua iliyotumwa kwa bodaboda haina uzito.

Kosa la kila siku hapa ni kupeleka barua kwenye halmashauri isiyo yake. Naliendele na Mikindani ziko Manispaa ya Mtwara Mikindani, lakini Msimbati na Nanguruwe ni za Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Msangamkuu unaiona kwa macho ukiwa mjini, unavuka kwa kivuko muda mfupi tu, na bado ukifika ng'ambo umeshaingia halmashauri nyingine. Upande wa Lindi, Ng'apa ni Manispaa, Nyangao ni Halmashauri ya Mtama. Hakikisha kabla hujachapa barua, maana ikienda kusiko itakaa kwenye trei la mtu wiki tatu, na wiki zako sita zitakuwa zinaisha.

Peleka barua wiki nne kabla, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 6: Tangazo

Linganisha haya mawili.

La kwanza: "Wanachuo wote mnakaribishwa kushiriki shughuli za kijamii. Njooni kwa wingi."

La pili: "Wanahitajika watu sita wa kusoma hadithi na watoto, Mikindani, kila Jumatano saa 9:00 hadi 10:30 alasiri, wiki sita. Nauli ipo. Mafunzo ya saa moja Jumamosi. Jiandikishe kwenye meza karibu na maktaba kabla ya Ijumaa."

La kwanza litaleta watu arobaini siku ya kwanza na watatu siku ya pili. La pili litaleta tisa, uwachukue sita, watatu wawe akiba. Kwa "njooni kwa wingi" hakuna anayejiona anahitajika. Kwa "watu sita" kila anayesoma anajipima.

Libandike karibu na maktaba na kantini, litume kwenye makundi ya WhatsApp ya kila darasa kupitia wawakilishi wa madarasa, halafu fanya jambo ambalo wengi hulipuuza: ingia darasani dakika mbili kabla ya kipindi, kwa ruhusa ya mwalimu, ulisome kwa sauti. Wanafunzi wapole, wale wasioandika chochote kwenye makundi, ndio wengi wao watakaokufuata nje baadaye kukuuliza.

Hatua ya 7: Mafunzo ya saa moja

Saa moja inatosha, isipungue. Mambo ya lazima ni haya.

Watoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mwanafunzi wako asibaki peke yake na mtoto chumbani, asimpe namba ya simu, asimchukue kwenda kumnunulia soda. Akiona au akiambiwa jambo la ukatili, asichunguze wala asiahidi kutunza siri. Amwambie anayewapokea na Afisa Ustawi wa Jamii, au apige 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, haina gharama. Na kumbuka, wanaosoma ngazi ya cheti wengine wana miaka 17. Hao walete barua ya mzazi au mlezi.

Picha. Hakuna picha ya mtoto, mgonjwa au mzee bila ridhaa ya mwenyewe au mlezi wake na ruhusa ya asasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawagusa pia wenye simu za mkononi. Mimi napenda siku ya kwanza simu zote zibaki mfukoni. Mtu aliyelala kitandani hana nguvu ya kukataa kamera, na yule kijana aliyemwelekezea hatambui kwamba amemdhalilisha.

Ahadi. Usiahidi kitu usichoweza kukileta. "Tutawatafutia magodoro" ni maneno mepesi kwa anayeyasema. Bibi anayeyasikia atayangoja msimu mzima.

Adabu ya mahali. Shikamoo kwanza, kazi baadaye. Nguo za heshima. Ukikaribishwa mkekani, kaa. Vijijini Newala na Tandahimba wazee wengi huzungumza kwa uhuru zaidi kwa Kimakonde, na ukienda upande wa Ruangwa au Nachingwea utakutana na Kimwera. Katika kila kundi mpange angalau mmoja anayejua lugha ya pale. Wanafunzi waliotoka mikoa ya mbali hufurahi sana kufundishwa salamu, nao wenyeji hufurahi zaidi.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza

Nendeni pamoja na mtu mmoja wa dawati. Fikeni dakika kumi kabla. Anayewapokea awe amekumbushwa kwa simu jana yake jioni na tena asubuhi. Wapange wawili wawili, wasichana wasirudi peke yao, na kwa Msangamkuu, au Kitunda ya upande wa Lindi, hakikisha mnajua kivuko cha mwisho ni saa ngapi. Kila mmoja aandike jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Basi.

Jioni mtumie kila aliyefika ujumbe wake mwenyewe, si wa kundi zima. "Asante Mwajuma, mwalimu amesema yule mtoto uliyekaa naye amemaliza ukurasa mzima." Ujumbe kama huo ndio utakaomrudisha Jumatano ijayo.

Hatua ya 9: Wiki ya sita na makabidhiano

Asasi iandike barua kwa kila aliyemaliza, ikitaja kazi aliyofanya na idadi ya saa zilizomo kwenye kauntabuku. Barua yenye "alishirikiana nasi vizuri" haina kazi. Yenye "aliingiza kumbukumbu za wanachama wote kwenye kompyuta, saa 14" inaeleweka kwa yeyote atakayeisoma siku ya usaili. Usimwahidi mtu kwamba barua hiyo itampa ajira.

Kisha kaeni na asasi nusu saa: kazi ipi iendelee, ipi iachwe. Na wale watatu wa dawati wakabidhi kauntabuku, orodha ya nauli, nakala za barua na namba za simu kwa wanaofuata, kwa maandishi, mbele ya mlezi. Uongozi wa wanafunzi hubadilika kila mwaka. Madawati mengi hufa siku ya uchaguzi.

Kazi rahisi ya kuanzia, kama unaogopa

Siku ya kuchangia damu. Mtwara ndipo kilipo kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kusini, na wataalamu wao wamezoea kuja vyuoni. Kazi yako ni ukumbi, viti, kivuli, maji na orodha. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na awe na afya njema. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Waambie watu wale kwanza, usiku wa kuamkia siku hiyo walale. Nauli hakuna, kibali ni cha chuo tu, na siku moja hiyo itakuonyesha nani katika timu yako anawahi na nani anaahidi tu.

Mambo yakikwama

*Walikuja wiki ya kwanza, wiki ya pili wamepungua nusu.* Angalia nauli kwanza, kisha ratiba. Mara nyingi utakuta mwalimu amehamishia kipindi siku ile ile. Piga simu kwa kila asiyefika, bila kulaumu. Kama vyote viko sawa, basi kazi ilikuwa haieleweki. Rudi hatua ya pili.

*Tulifika, hatukukuta mtu.* Subirini nusu saa, andikeni kwenye daftari, rudini chuoni. Mkurugenzi wa asasi umwone ana kwa ana wiki hiyo hiyo. Ikitokea mara ya pili, hamisha wanafunzi kwenye ile asasi yako nyingine. Muda wao ni mali.

*Asasi inataka wanafunzi walipie fulana au "ada ya kujitolea".* Hapana. Funga daftari.

*Mwenyekiti wa mtaa anauliza nyie ni wa chama gani.* Mwonyeshe barua yenye muhuri, mweleze kazi kwa sentensi mbili, umkaribishe aje aone. Kipindi cha uchaguzi usivae fulana zenye rangi za chama chochote, na ukiweza sogeza kazi mbele.

*Mzazi wa msichana hataki aende kijijini.* Msikilize, ana sababu. Mpe namba ya mlezi, mwambie wanakwenda na kurudi saa ngapi na nani. Akikataa bado, mpe binti kazi ya mjini au ya kompyuta. Dawati halishindani na wazazi.

*Anayewapokea anamsumbua mwanafunzi kimapenzi.* Mwondoe mwanafunzi siku hiyo hiyo, mwamini, mwambie mlezi na mshauri wa wanafunzi, na kama ni kosa la jinai nendeni dawati la jinsia polisi mkiwa pamoja naye, kwa ridhaa yake. Asasi hiyo ifutwe kwenye orodha mpaka uongozi wake uchukue hatua unayoiona kwa macho.

*Mvua imekata barabara katikati ya wiki sita.* Usimtume mtu kwa kubahatisha. Uliza asasi kazi gani inaweza kufanyika chuoni: kuchapa, kuandaa vifaa vya kufundishia, kupanga kumbukumbu. Weka kazi kama hizo mbili kwenye karatasi tangu mwanzo, zikisubiri siku hiyo.

*Fedha ya nauli imeisha wiki ya nne.* Waambie wanafunzi ukweli asubuhi hiyo, kabla hawajatoka. Punguza safari, kutoka kila wiki ziwe kila baada ya wiki mbili, au watume watatu badala ya sita. Na asasi ipigie simu wewe mwenyewe, mapema, ili watoto wasikae kwenye benchi wakitazama njia.